Meza, Metha, Mesa: Mzee Ojwang' na Kiswahili cha Bara katika Televisheni ya Kenya



1. Utangulizi

Ni desturi ya mihadhara ya namna hii kuwahusu watunzi wa tenzi, waandishi wa riwaya na wanasarufi. Ni desturi njema, nami sikuja kuivunja. Nakusudia kuipanua kidogo tu, ili ndani yake apate nafasi mtu ambaye jina lake halimo katika orodha za vitabu vya kutahiniwa, ilhali sauti yake ilisikika katika nyumba za Wakenya kwa takriban miongo mitatu. Mtu huyo ni marehemu Benson Wanjau, ambaye taifa zima lilimjua kwa jina la Mzee Ojwang', au kwa ukamilifu wake, Ojwang' Hatari.

Wasomi wa Kiswahili wamemnyamazia mwigizaji huyu, na sababu yake haifichiki. Kiswahili alichokisema katika kioo cha televisheni hakikuwa kile kinachofundishwa darasani. Upatanisho wa kisarufi uliyumba, sauti zikabadilishana nafasi, na lafudhi ikawa nzito. Basi wengi wetu tulitosheka kusema kwamba ni Kiswahili kibovu cha kuchekesha watu, tukafunga mlango.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba mlango huo ulifungwa mapema mno. Nitajaribu kuonyesha kwamba Kiswahili cha Ojwang' kilikuwa na utaratibu wake. Kwamba kukisema kulihitaji ustadi wa sauti ambao wanaisimu wangepaswa kuwa wa kwanza kuutambua. Na kwamba kwa kazi hiyo Wanjau aliwafungulia Wakenya wa bara nyumba ya lugha ambayo wengi wao walikuwa wakiitazama kutoka nje.

2. Mwigizaji na zama zake

Wanjau alizaliwa mwaka 1937, akaaga dunia tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi. Kwa hiyo alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na kitu Kenya ilipojipatia uhuru mwaka 1963, na alikuwa ameshapita miaka arobaini umaarufu wake wa televisheni ulipoanza kupanda katika miaka ya 1980. Jina lake limefungamana hasa na kipindi cha Vitimbi, ambamo alikuwa mume wa Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere.

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962. Mwaka 1964 serikali ililitwaa shirika la utangazaji, likaitwa Sauti ya Kenya. Mwaka 1989 likarejeshewa jina la Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC. Hadi mwaka 1990, kituo cha KTN kilipoanza, mtazamaji wa Kenya hakuwa na kituo kingine cha kuchagua. Maana yake ni kwamba yeyote aliyeingia katika kipindi cha jioni cha Kiswahili aliingia kwa wakati mmoja katika kila nyumba yenye televisheni, na katika kila hoteli ya mtaani ambamo majirani walikusanyika kutazama.

Uwanja huo haukuwa mtupu. Kabla ya Ojwang' walikuwapo wachekeshaji wa Kiswahili kama Kipanga, Mzee Pembe na Mzee Tamaa, na ni wao waliowazoeza Wakenya kucheka kwa lugha ya taifa. Upande wa pili wa mpaka, Tanzania bara, ambako televisheni haikuwapo hadi mwaka 1994, kazi kama hiyo ilifanywa na redio kwa michezo kama Pwagu na Pwaguzi. Vichekesho hivi vyote ni watoto wa jukwaa. Mwigizaji hutegemea mwili wake, mavazi yake na sauti yake. Mandhari ni machache. Kisa huenda kwa majibizano, na mwigizaji huachiwa nafasi ya kubuni maneno yake papo hapo.

Inafaa tukumbuke pia hali ya jukwaa lenyewe katika Kenya ya zama hizo. Mwaka 1977 mchezo wa Ngaahika Ndeenda wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ulipigwa marufuku, na mwaka huo ukiwa unamalizika Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 jukwaa la Kamĩrĩĩthũ likabomolewa. Mchezo wa kuigiza uliokuwa na maneno makali juu ya ardhi na utawala haukuwa na pa kusimama. Kilichoruhusiwa kustawi, tena katika chombo cha serikali yenyewe, ni kichekesho cha nyumbani: mume, mke, mfanyakazi, mgeni na deni. Wako wanaokidharau kichekesho hicho kwa sababu hiyo. Mimi naona kwamba ndani ya mipaka ile finyu lilipita jambo ambalo halikukaguliwa na mtu, nalo ni jinsi watu walivyosema.

3. Alama za sauti

Jina la Ojwang' ni la Kiluo. Mhusika ni Mluo, na Kiswahili chake ni cha Mluo. Lakini Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu. Watazamaji wengi hawakulijua hilo kwa miaka mingi, na kutojua kwao ndiyo shahada ya kwanza ya ustadi wake. Ili tuipime kazi aliyoifanya, hatuna budi kushuka katika fonolojia.

Tuchukue neno moja dogo: meza. Neno hili Waswahili waliliazima kwa Wareno. Lilipoingia bara, kila lugha ililipokea kwa sauti ilizokuwa nazo. Kikuyu hakina sauti ya z kama ya Kiswahili, kwa hiyo neno likawa metha, lenye sauti ile tunayoiandika dh katika neno dhahabu. Kiluo nacho hakina z, lakini kilichagua njia nyingine, likawa mesa. Na kwa maandishi likarudi kufanana na neno la Wareno lilikotoka. Mtu aliyelelewa katika metha, akajifunza meza, kisha akahitajika kusema mesa jioni baada ya jioni bila kuteleza, anapita katika mifumo mitatu ya sauti.

Tuongeze mfano wa shilingi. Kikuyu kimelifanya ciringi: sauti ya kwanza imebaki karibu na sh, ila l imekuwa r, kwa kuwa lugha hiyo haina l. Kiluo kimelifanya siling: l imesalimika, irabu ya mwisho imedondoka, na sh imekuwa s, kwa kuwa Kiluo hakina sh. Angalia jinsi njia hizi mbili zinavyopingana. Msemaji wa Kikuyu anayejifunza Kiswahili huelekea kuchanganya l na r, na huenda sukari ikamtoka kama shukari. Msemaji wa Kiluo hatatizwi na l na r. Yeye humtatiza sh, na shamba likawa samba. Mmoja huisukuma s iende kwa sh, mwingine huirudisha sh kwa s. Mwigizaji Mkikuyu anayemwiga Mluo amekabidhiwa kazi ya kwenda kinyume kabisa na mkondo wa ulimi wa lugha yake.

Vivyo hivyo kwa sauti za b, d na g. Katika Kikuyu, vipasuo hivyo huandamana na nazali. Ndiyo sababu gari likawa ngari, bakuli likawa mbakũri, na dirisha likawa ndirica. Kiluo kina b, d na g zisizohitaji msaada wa nazali. Nazali moja tu iliyochomoza mahali pasipo pake ingetosha kumfichua Wanjau kwa mtazamaji wa Kisumu au wa Siaya.

Katika sarufi tofauti ni kubwa zaidi. Kikuyu ni lugha ya Kibantu. Ngeli zake na upatanisho wake ni ndugu wa zile za Kiswahili. Kiluo ni lugha ya Kinailoti, haina ngeli za namna hiyo. Kwa hiyo mhusika Mluo anatarajiwa kusema kitabu yangu, mahali ambapo Mkikuyu ana sababu zote za kuuhisi upatanisho. Hapa mwigizaji hakutakiwa kuongeza kitu, alitakiwa kusahau. Kila aliyewahi kufundisha lugha anajua kwamba kusahau kwa makusudi ni kugumu kuliko kujifunza.

Naweka tahadhari moja. Vipindi hivi havikulenga kunakili lafudhi kama mtafiti anavyonakili. Jukwaa hukuza: alama moja inayojulikana huchaguliwa, ikarudiwa hadi ikawa nembo. Lakini nembo hiyo huwa na nguvu pale tu inapokaa katika mahali pake pote. Lafudhi inayokuja na kuondoka hukera. Inayodumu humfanya mhusika awe mtu. Na ushahidi kwamba Ojwang' alikuwa mtu ni kwamba jina lake lilimfunika mwenye jina, hata magazeti yalipotangaza msiba wake yakalazimika kueleza Benson Wanjau alikuwa nani.

4. Utani au kejeli?

Hapa pana swali zito, nami silikwepi. Je, ni halali mtu wa jamii moja kujipatia kicheko kwa ulimi wa jamii nyingine? Kenya siyo nchi ambamo swali hili linaweza kuulizwa kwa wepesi. Tangu Jomo Kenyatta na Oginga Odinga walipoachana kisiasa mwaka 1966, na hasa baada ya Tom Mboya kuuawa mwaka 1969, uhusiano wa Wakikuyu na Waluo katika siasa ulibeba machungu. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Jaji Waki, na lafudhi ya mtu barabarani ilitosha kumtia hatarini. Mwaka uliofuata ikapitishwa Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa. Katika nchi kama hiyo, kumwiga mwenzako kwa sauti kunaweza kuwa mwanzo wa kumdharau.

Napendekeza vigezo viwili vya kutenganisha utani na kejeli. Cha kwanza ni hiki: je, mwenye lafudhi ni mtumishi tu wa kicheko, au ni mwenye nyumba? Katika Vitimbi Ojwang' ndiye mhimili wa kisa. Ana mke, ana mali, ana hila. Hushinda na hushindwa. Hakuletwa mlangoni kama mgeni mjinga ili wenye lugha safi wapate wa kumcheka.

Kigezo cha pili ni hiki: je, yupo asiye na lafudhi? Katika kejeli, mmoja husema sawasawa na mwingine husema vibaya, na kicheko hutoka juu kwenda chini. Katika Vitimbi kila mmoja alikuwa na alama yake. Ukiyasikiliza majina ya wahusika utaiona siasa nzima ya mchezo. Ojwang' Hatari ni jina la Kiluo lililopewa neno la Kiswahili, nalo Waswahili walilipata kwa Waarabu. Masanduku arap Simiti ni wingi wa Kiswahili, kiungo cha Kikalenjin kinachomaanisha mwana wa, na simiti ya mafundi wa ujenzi iliyotoka kwa Waingereza. Majina haya hayapatikani katika kijiji chochote. Ni ya mjini. Yamezaliwa mahali ambapo watu wa lugha nyingi wanapanga nyumba katika ploti moja na kusikiana kupitia ukuta. Utani wa namna hiyo Waafrika Mashariki wanaujua tangu zamani. Watani hutukanana kwa haki sawa, na anayetaniwa leo hutania kesho.

Kwa vigezo hivyo, Vioja Mahakamani, kipindi ndugu cha Vitimbi, kinatupa picha tofauti, na tofauti hiyo inafundisha. Pale hakimu na kiongozi wa mashtaka husema Kiswahili sanifu, na washtakiwa husema kila mmoja na lafudhi yake. Sheria ina Kiswahili kimoja. Raia wana vingi. Mtazamaji hucheka, lakini wakati huo huo anaonyeshwa umbali uliopo baina ya mamlaka na ulimi wake mwenyewe. Vitimbi viliondoa umbali huo kwa kumwondoa hakimu. Hakuna katika nyumba ya Ojwang' aliyewekwa kusahihisha wenzake.

5. Lawama ya walimu

Lawama iliyosikika zaidi dhidi ya vipindi hivi ilitoka kwa walimu wa Kiswahili, na wakati wake unaeleweka. Mwaka 1974 Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike Bungeni. Mwaka 1985 ulianza mfumo wa elimu wa 8-4-4, na Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Nyeri, wa Kakamega na wa Homa Bay alijua kwamba alama zake zingetegemea ki- na vi-. Mwalimu alimfundisha mchana. Jioni mtoto alikaa mbele ya televisheni akamsikia Ojwang'. Si ajabu mwalimu alikasirika.

Lakini tuulize: mtoto yule alicheka nini? Ili acheke kitabu yangu, lazima ajue kwamba ni kitabu changu. Asiyeijua kanuni haoni kilichovunjwa. Kicheko chake kilikuwa mtihani alioufaulu bila kalamu. Naye babu yake aliyeketi karibu, ambaye hakuwahi kuingia darasa la Kiswahili, na ambaye Kiswahili chake alikipata sokoni, katika mashamba ya walowezi au katika reli, alisikia kwa mara ya kwanza Kiswahili cha watu kama yeye kikisemwa na mtu mwenye heshima ya kuonekana katika kioo. Hiyo ndiyo nyumba niliyosema ilifunguliwa.

Tunasahau upesi mno kwamba Kiswahili sanifu nacho kina tarehe ya kuzaliwa. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 ili kukisanifisha, kwa msingi wa Kiunguja, na wenyeji wa Mombasa na Lamu wenye fasihi ya karne nyingi waliambiwa kwamba baadhi ya maneno yao si sanifu. Tunasahau pia kwamba kile tunachokiita kosa katika ulimi wa Mluo ndicho tunachokiita utohozi katika ulimi wa Mswahili. Mjerumani alisema Schule, nasi tukasema shule. Mwingereza alisema shirt, nasi tukasema shati. Hatukuomba radhi kwa yeyote. Mesa ya Ojwang' na meza yetu zimetengenezwa kwa kanuni ile ile. Kinachozitenga ni kwamba moja imeandikwa katika kamusi.

Sisemi kwamba kitabu yangu kifundishwe shuleni. Mtahiniwa anastahili kufundishwa lugha itakayompa alama na kazi. Nasema kwamba lugha ya taifa ina makazi mengi, na kwamba shule ni moja tu ya makazi hayo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu hicho hakikuitoa lugha hewani. Kilikuta watu ambao tayari walikuwa wanaitumia kupendana, kugombana na kuchekana, na miongoni mwa waliowazoeza hayo yote kwa sauti ni Benson Wanjau.

6. Mcheza kwao

Wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa. Methali hii inazungumzia ngoma, na kutunzwa ni kule kutuzwa fedha na watazamaji wanaomtambua mchezaji kuwa wao. Kwa Wanjau inazua swali: kwao ni wapi? Alizaliwa Mkikuyu, akacheza kama Mluo, kwa Kiswahili, katika shirika la serikali. Alicheza kwa wote, na anayecheza kwa wote hukabiliwa na hatari ya kutokuwa na kwao.

Katika miaka yake ya mwisho, kabla ya mwaka 2015, macho yake yalidhoofika, na wananchi wakachangishana fedha ili atibiwe. Mchango ule ulikuwa ishara njema ya mapenzi. Watu wa makabila mbalimbali waliitika kwa ajili ya mzee ambaye wengi wao hawakujua kabila lake. Lakini mchango huo ulionyesha pia upungufu. Mtu aliyelitumikia taifa kwa miaka thelathini hakupaswa kuutegemea wema wa watazamaji wake uzeeni. Haki za marudio ya vipindi, mikataba ya maandishi na pensheni ya wasanii si mambo ya hisani. Waigizaji waliofuata, kama Charles Bukeko, aliyemwigiza Papa Shirandula katika Citizen kuanzia mwaka 2007 na kufariki Julai 2020, walikuta uwanja mpana zaidi wa vituo vya binafsi. Hata hivyo swali la matunzo ya mwigizaji mzee bado linaulizwa kila wanapozikwa.

Sisi wa vyuo vikuu tuna deni letu pia. Tumeandika tasnifu nyingi juu ya Kinjeketile na Mashetani za Ebrahim Hussein, na ni haki yake. Lakini tamthilia iliyosemwa na kutazamwa na wasiosoma tamthilia tumeiacha. Kanda za Vitimbi ni hazina ya isimujamii isiyo na mfano: ni miongo ya Kiswahili cha bara kilichosemwa kwa makusudi na watu wenye sikio kali. Zinahitaji kuhifadhiwa, kunukuliwa kwa maandishi, na kuchambuliwa pamoja na waigizaji wenyewe wangali hai, ili watueleze walivyojifunza ndimi za jirani zao.

7. Hitimisho

Nimejaribu kueleza mambo matatu. Kwanza, Kiswahili cha Ojwang' hakikuwa fujo. Kilikuwa mfumo ulioigwa na mtu ambaye lugha yake ya kwanza ilimvuta upande mwingine. Pili, utani wake ulikuwa halali kwa sababu mhusika aliyetaniwa alikuwa mwenye nyumba, na kwa sababu hakuna aliyeachwa bila lafudhi. Tatu, vipindi hivyo havikuiangusha lugha ya taifa. Viliwapa nafasi ndani yake watu ambao shule ilikuwa haijawafikia.

Mwanafunzi wangu wa fonolojia atakaponiuliza ni wapi aanze kujifunza jinsi lugha mbili zinavyokutana katika kinywa kimoja, nitampa vitabu vyake kama inavyopasa. Kisha nitamwambia amtazame Mkikuyu mmoja akisema mesa, na aniambie kama amemwona akiteleza.